Mama Mkwe Aone Ziwa

Felician alichora barabara mbili sakafuni kwa kipande cha mkaa. Moja fupi, imenyooka kutoka Geita hadi Sengerema. Nyingine ikashuka Nungwe, ikapindapinda kufuata ziwa. Zote mbili zikaishia Kamanga, mahali pa kupandia boti ya kuvukia Mwanza.

"Tunapita hii fupi," akasema. "Asubuhi naondoka, jioni nimerudi."

"Hiyo ni vumbi tupu," mkewe Anisia akajibu. "Mama kazaliwa Ushirombo, kazeekea Ushirombo. Maji anayoyajua ni ya kisima. Mpitishe ziwani."

"Na mafuta ya gari?"

"Ulipokuja kunichumbia ulisema utanipitisha njia hiyo mpaka Mwanza. Mafuta hukuyataja."

Felician akautazama mkaa mkononi. Ahadi hiyo aliitoa zamani, kabla hajanunua kufuli.

Kufuli lenyewe lilitoka mgodini. Wazungu walipofunga mgodi waliuza kila kitu, naye akapata Landrova kuukuu na kufuli kubwa kama ngumi. Landrova ilimpa riziki. Kufuli lilimtunzia mke. Maana siku moja alimkuta Anisia kwenye barabara ya Ushirombo, kifurushi kichwani, anakwenda kwao bila kugeuka nyuma. Alimrudisha kwa fimbo. Viatu vyake akavificha, na tangu hapo kila akitoka humfungia ndani.

Sasa mama mtu amekuja. Wiki nzima yuko chumba cha nyuma, ananong'ona na bintiye. Felician hakuweza kumuuliza amefuata nini. Desturi ya kule ni kwamba mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Tangu aoe, alichokijua kwa mama yule ni kikohozi chake, na makatambuga yake ya tairi yakipita uani, pwata, pwata. Lakini moyoni alijua: amekuja kumchukua mwanawe. Kumpeleka Mwanza kwa mwanawe mwingine, Donatus, ilikuwa nafuu kubwa. Mama aondoke, Anisia abaki.

Basi akaifuta ile njia fupi kwa kiganja.

Anisia akaleta punje za mahindi, akawa anazipanga juu ya mchoro. "Hapa mle chakula. Hapa penye miamba simamisha gari, atazame maji. Na hapa tena."

"Mara mbili?"

"Mara ya kwanza atalia tu. Ya pili ndiyo ataona."

"Nitajuaje kama ametosheka? Mimi siwezi kumuuliza."

"Mwasiti atakwambia." Mwasiti alikuwa jirani yao, muuza dagaa wa Nkome, mwenye safari zake za Mwanza. Angekaa nyuma na mama, apeleke maneno huku na huku.

"Yule na mdomo wake!"

"Kazi hiyo inataka mdomo." Anisia akaishika punje ya mwisho, ya Kamanga. "Na mimi, Felician? Nafasi ipo."

"Wewe unabaki."

Akaiweka punje chini. Hakusema naye tena, jioni ile wala kulipokucha.

Asubuhi Felician akatundika blanketi nyuma ya kiti cha dereva, akashika usukani, akakaza macho mbele. Makatambuga yakaja, pwata, pwata. Mwasiti akaangua kicheko.

"Shemeji, usigeuke, utapofuka bure! Mkwe wako kajifunika gubigubi, hata mimi namwona pua tu."

Mlango wa nyuma wa gari ulipobamizwa, Felician akateremka, akazunguka kwa mbele ameinamisha kichwa, akaenda kufunga nyumba.

"Anisia!"

Hakujibiwa, ila jikoni kinu kilikuwa kinapigwa, du, du, du.

"Haya, twanga," akasema. "Ukichoka, hasira zitaisha." Akabana kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Walipoipita Nungwe, ziwa likafunguka upande wa kushoto, jeupe kwa jua. Penye miamba akasimamisha. Akashuka, akawapa mgongo, akatazama mashamba ya pamba. Nyuma yake akasikia kilio cha chinichini.

"Muache kidogo," Mwasiti akasema.

Mara ya pili hapakuwa na kilio. Akasikia makatambuga yakivuliwa, kisha mtu akikanyaga maji, polepole, kama anayeonja chakula. Felician akatamani Anisia angekuwepo, aone mumewe alivyo mwema. Tena mama wa watu, njia nzima, hajakohoa. Upepo wa ziwa nao ni dawa, akawaza.

Kamanga boti ilikuwa tayari. Mwasiti akampandisha mwenzake, kisha akarudi mbio.

"Mkwe wako anasema hataisahau njia uliyompitisha."

"Mwambie asihangaike na mwanawe. Mwanawe yuko salama mikononi mwangu."

Mwasiti akaufunika mdomo wake kwa khanga. Akageuka, akaingia botini.

Felician akarudi kwa ile njia fupi, vumbi na yote, gari tupu likirukaruka kama mbuzi. Alipozima injini mlangoni kwake jua lilikuwa linazama, na ndani kinu kilikuwa kinalia, du, du, du. Moyo wake ukatulia. Kufuli lilikuwa vilevile alivyoliacha. Akalifungua.

"Anisia! Mama yako kaliona ziwa! Ukiacha kununa, siku moja nitakupeleka na wewe."

Kinu kikanyamaza. Jikoni mtu akakohoa.

Felician akausukuma mlango wa jikoni. Mwanamke aliyesimama kwenye kinu, miguu mitupu, akavuta khanga akajifunika uso, akageukia ukutani, akasubiri mkwewe atoke.