Programu ya Tatu

Mwanashuru alikuwa msusi. Nyimbo zilimjia akiwa anasuka, na kufika jioni alikuwa amezisahau. Siku hiyo alikwenda duka la kompyuta kutafuta programu ya kurekodia.

Programu ya kwanza ilimtaka achague mdundo kabla hajaimba, na wimbo ukampotea. Ya pili ikamnyooshea mapigo yote.

"Mbona hapo nimechelewa makusudi!" alilalamika.

Kombo, fundi wa duka, akafungua ya tatu. Ilikuwa na kitufe kimoja chekundu tu.

"Na hii inafanya nini?"

"Inakusikiliza, dada."

Mwanashuru akasogeza kiti, akabonyeza. Akagonga meza taratibu kwa vidole, akaanza wimbo ambao hata yeye hakuujua mwisho wake. Kwenye kioo, mstari mwembamba ukawa unapanda na kushuka.