Ukurasa Usiokuwemo

Tangu chuo kikuu kianze kuhifadhi miswada yake adimu vichwani mwa watu, Famau, mume wa Bi Mwanate, alikuwa amebeba kurasa mia nne. Kila asubuhi wanafunzi walikuja barazani, wakanawa mikono, wakajaza fomu ya kuomba ukurasa, wakaacha kalamu za wino mlangoni, wakamsikiliza akisoma huku amefumba macho, sauti laini kama ya mtu anayeongea usingizini. Bi Mwanate aliwamiminia kahawa.

Ijumaa moja hawakuja. Bi Mwanate alinawa mikono, akajaza fomu kama wao, akaketi mkekani mbele ya mumewe.

“Bwana, nisomee siku ya harusi yetu, mvua ilipotukuta uani.”

Famau alifumba macho, akatafuta kwa muda mrefu.

“Samahani, binti,” akasema kwa upole. “Ukurasa huo haumo katika mkusanyiko wetu.”