Filamu za Vita za Mama Mkwe

Vifaru vilikuwa vinateketeza mji mzima sebuleni, na mama mkwe alikuwa amevipa mgongo, anafuma soksi.

Mpima macho alisimama mlangoni na mkoba wake wa kazi. Mzinga ukalipuka. Kikombe kikatetemeka juu ya kisahani. Mama mkwe hakugeuka. Alihesabu vitanzi vyake, akanyoosha mkono, akaongeza sauti kwa rimoti.

"Shikamoo mama. Leo wanafanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Wanapigana."

"Nani na nani?"

"Hawa," alisema bila kuangalia, "na wale."

Filamu yenyewe ilikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu katika jengo lile aliyeielewa hata salamu. Na ada ya kuitazama mtandaoni ilikatwa kwenye mshahara wa mpima macho kila mwezi, bila huruma.

Hakuwa mchoyo. Angalau yeye mwenyewe alijiona si mchoyo, na kuhusu tabia zake alikuwa na maoni mazuri sana. Shida ni kwamba alikuwa na ndoto. Tangu ujana alitaka kupiga tarumbeta katika bendi ya wafanyakazi. Mara mbili alikwenda kujaribiwa, mara mbili kiongozi wa bendi akamwambia, "Tutakupigia simu," na tangu hapo hajawahi kuizima simu yake. Sasa jaribio jingine lilikuwa linakaribia, na alikuwa amepata mwalimu. Karo ya mwalimu na ada ya filamu zilikuwa zinalingana kama mapacha. Mfuko wake ungebeba moja tu.

Kwa hiyo akaanza kumchunguza mama mkwe kama anavyochunguza wateja wake. Mama huyu aliwasha televisheni jioni tu, saa ya mkwe wake kutoka kazini, na kuzidisha sauti akishabadili nguo na kuingia chumbani kufanya mazoezi ya tarumbeta. Aliizima wakati wa chakula, hata kama vita vimepamba moto, na hakuuliza hata siku moja nani alishinda. Sauti ilikuwa juu kiasi kwamba mpima macho alilazimika kupuliza kwa kifua chote ili ajisikie. Hakulalamika. Mkwe mwema humeza, na yeye alimeza, kisha akajipongeza kwa kumeza.

Jioni moja mkewe aliweka tamthilia ya mapenzi. Mama mkwe aliacha soksi, akageuza kiti, akalia mpaka leso ikaloa. Kesho yake vifaru vikarudi.

"Mbona umeiacha ile, mama?"

"Tamu sana," alisema kwa huzuni. "Lakini wananong'ona mno."

Ahaa! Masikio. Mpima macho alimhurumia, na wiki nzima akawa anamsemesha kwa kupaza sauti, mpaka mama mkwe akamuuliza, "Baba, nimekukosea nini unanifokea hivi?"

Hatimaye alijikaza, akalisema mezani.

"Mama, nafikiria kuikata huduma ya filamu. Nimlipe mwalimu wa tarumbeta."

Kijiko cha mama mkwe kilibaki hewani. Mkewe akapaliwa na maji.

"Nikatie sukari ya chai," alisema mama mkwe. "Nikatie na nyama ukitaka. Hizo filamu niachie, mwanangu."

"Lakini mama, huzitazami!"

"Nazitazama kwa namna yangu."

"Mimi nitaacha kwenda saluni," mkewe akadakia. "Nitasuka mwenyewe. Mwalimu atalipwa, na filamu zitabaki."

"Wewe? Unayelala saluni?"

"Nimeokoka leo."

Mpima macho aliguswa moyoni. Kumbe televisheni inaweza kumteka mtu kiasi hiki, mpaka anatoa nyama na nywele! Aliwatazama watu wake kwa upendo, akaona kazi imeangukia mikononi mwake: lazima awaokoe. Alitoa simu, akaikata huduma palepale mezani. Mama mkwe alimtazama mwanawe wa kike, naye akaitazama dari.

Jioni iliyofuata mama mkwe aliketi ameikabili televisheni, na ilikuwa nyeusi tii. Mpima macho aliingia chumbani, akafungua dirisha apate hewa, akapuliza. Raha iliyoje! Kila sauti aliyoitoa aliisikia. Nusura alie. Kweli, ghorofa ya juu fundi cherehani alianza kushona kwa fujo kana kwamba kesho shule zinafunguliwa, lakini akamsamehe. Watu wanatafuta riziki.

Siku chache baadaye alikuwa katikati ya sauti ndefu kuliko zote alizowahi kuzishikilia, pumzi zikamwishia. Katika ule ukimya akasikia hodi. Mlango ukafunguliwa. Akaitambua sauti ya fundi cherehani, na nyuma yake kandambili nyingi zikiburuzwa, watu wakiambiana "shh, shh."

Jengo zima! Hawajawahi kuja pamoja, hata kwenye kikao cha maji. Bila shaka, alijiambia: miaka yote hii vifaru vilikuwa vinamfunika, na sasa watu wamemsikia. Alichomekea shati, akalifuta tarumbeta kwa kiwiko, akaufungua mlango wa chumba kidogo tu, asubiri wakati mzuri wa kutokea.

Fundi cherehani alikuwa ameinama mbele ya mama mkwe, anamkabidhi bahasha kwa mikono miwili.

"Tumechanga, mama, jengo zima," alinong'ona. "Irudishe leo hii, na kila mwezi tutalipa sisi. Ila tafadhali, iwe ile ya vifaru. Siku ile ya mapenzi tulimsikia mkweo mpaka ghorofa ya nne."