Wote Tulikuwepo

Jumatatu asubuhi Saumu alikuta mchoro wake wa soko jipya umehamishiwa mezani kwa Matiko, mwenzake wa ofisini. Alikuwa ameuchora mwezi mzima, na leo alitarajia kuutetea kikaoni.

"Tulishaamua, dada," Matiko alimwambia kwa upole. "Nitaumalizia mimi."

"Mliamua lini?"

"Si Ijumaa, pale baa. Bosi alikuwepo. Wote tulikuwepo."

Saumu hakuwa mnywaji, na hakuna aliyewahi kumwalika.

Ijumaa iliyofuata, kazi ilipokwisha, aliwafuata baa. Walimshangilia. Bosi, mzee Lyimo, alimvutia kiti mwenyewe na kumwagizia soda. Kisha meza nzima ikapoa. Mmoja akamuuliza hali ya mama yake, mwingine akaisifu mvua. Saumu alipoutaja mchoro wa soko, bosi alicheka.

"Aa, binti, hapa tunapumzika tu. Kazi ni ofisini."

Baadaye kidogo Matiko aliaga kwenda msalani. Bosi akapokea simu, akatoka nayo. Wengine nao wakanyanyuka, kila mmoja na sababu yake. Saumu akabaki na bia zao, povu halijatulia.

"Dada, wenzako wanarudi?" mhudumu aliuliza.

"Hata sijui."

Kutoka uani, nyuma ya baa, alisikia vicheko, kisha sauti ya bosi: "Sasa, mchoro wa hilo daraja tumpe nani?"

Daraja gani? Saumu alisimama, soda mkononi, akausukuma mlango wa uani. Vicheko vikakatika, na nyuso zote zikamgeukia, zikitabasamu.