Benchi Tupu Mbele ya Jeneza

Kwetu jeneza haliondoki nyumbani bila picha ya marehemu kutangulia. Mume wangu Rwegasira alipofariki, nikakosa hata moja. Alishona viatu kando ya barabara maisha yake yote, na kwa sheria, simu zetu humfuta pichani kila mtu aliye mahali pa wazi. Nilimpiga picha kazini tu, na katika kila moja limebaki benchi, mwavuli na viatu vya wateja.

Nikaenda ofisi ya kamera za mji, maana zile hazimfuti mtu. Karani akabofya, na huyo hapo mume wangu kwenye kioo, anacheka, uzi mdomoni!

"Nichapie hiyo, mwanangu. Tunazika kesho."

"Pole, mama. Kuona ruksa, kuchukua hapana. Tunalinda faragha yake."

"Faragha gani? Alikaa barabarani, mji mzima ukimwona! Mimi mkewe ndiye nisibaki naye?"

Akazima kioo.

Leo mjukuu wetu ametangulia na fremu ya benchi tupu. Binti yangu akaupiga picha msafara, tukaitazama. Hapakuwa na mtu. Fremu ilielea mbele, jeneza likaifuata hewani, bila hata bega moja chini yake.