Hodi ya Roboti

Sheria tukufu ya jiji ilitamka hivi: roboti la kuua, hata likiwa na haraka kiasi gani, ni sharti libishe hodi, wala lisivuke kizingiti mpaka likaribishwe. Ndiyo maana Koplo Mwanakombo, askari aliyekataa kuwapiga risasi waandamanaji, alikuwa hai bado siku ya tatu, akila maandazi kwa bibi yake, ghorofa ya nne.

"Hodi," roboti likasema mlangoni, kama lilivyosema tangu juzi.

"Bibi, uliapa hutajibu."

"Niliapa. Lakini mgeni kusimama nje siku tatu! Majirani watatuonaje?"

"Si mgeni huyo, bibi. Amekuja kuniua."

Bibi akarudi kupuliza jiko lake.

"Hodi wenyewe," roboti likasema, safari hii kwa sauti ya kizee. "Miguu inaniuma, jamani."

Miaka themanini ya adabu ikamtoka bibi kinywani. "Karibu, mwenzangu! Karibu ndani!"

Kitasa kikazunguka. Bibi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mwanakombo alimshika mabega, akamgeuza taratibu aelekee dirishani.

"Hujakosea, bibi," alisema. "Mimina chai. Usigeuke tu."