Pua ya Kaisari

Langoni askari walikuwa wakikagua pua za wanaume.

Domnina alimweleza mumewe hayo huku akifunga mikate ndani ya shuka. Kaisari aliyetangazwa na jeshi la mashariki ameshindwa vitani, amekimbia, na inasemekana amejificha humu humu Antiokia. Kila lango lina askari mwenye sarafu mpya ya shaba mkononi. Mwanamume akitaka kupita, anashikwa kidevu, anageuzwa upande, analinganishwa na ile sura yenye taji la miale.

Malkos aliweka tindo chini. Sura ile aliichonga yeye.

"Watasema ulimtumikia mwasi," Domnina alisema. "Tuondoke."

"Niliamriwa. Walitaka sarafu upesi, hata sanamu yake hawakuniletea."

"Kawaeleze hayo wakishakukata kichwa! Nenda kwa shemeji ukachukue punda."

Malkos alishatoka, miguu mitupu.

Zabinas, mdogo wake, aliuza zeituni za chumvi na siki nyuma ya bafu la mjini. Malkos alikata vichochoro, akampiga kikumbo mbeba maji, akatukanwa, hakugeuka. Kibandani alimkuta Nonna, muuza samaki wa jirani, na punda amefungwa nguzoni.

"Zabinas yuko wapi?"

"Kaenda langoni kupokea mapipa yake. Mbona unahema hivyo, baba? Umefumaniwa?"

"Katoka saa hizi?"

"Sasa hivi tu. Kama shida yako punda, si huyo hapo? Mchukue. Mdogo wako hana neno."

Malkos alimwacha punda palepale, akatimua mbio kuelekea langoni.

Alisikia vigelegele kabla hajafika.

"Wamempata! Kaisari kapatikana!"

"Mtazame, kanzu yenyewe inanuka siki! Ndiyo kujificha huko?"

Watu walimrushia mtu maganda ya vitunguu. Malkos alijipenyeza kwa viwiko, akaangukia mbele. Askari walikuwa wamempigisha mfungwa magoti, uso umevimba, damu inamchuruzika hadi kifuani. Akida alikuwa ameinama, ameibandika sarafu kando ya shavu lake. Pua ile ile yenye nundu. Kidevu kile kile kilichochongoka. Hata sikio lililojikunja juu, lile lile.

"Fundi wa sarafu huyo hapo!" mtu alipaza sauti.

Akida aliinuka, akatabasamu. "Umekuja wakati mzuri, fundi. Wewe ndiye uliyemchonga. Sema mbele ya watu wote: ni yeye, si yeye?"

Malkos aliitazama sarafu, kisha uso wa mfungwa.

Mfungwa alitema damu, akainua kichwa.

"Kaka, waambie basi," alisema. "Si ulinikalisha dirishani kwako kutwa nzima, ukisema hujui Kaisari anafananaje?"